Sanduku Lenye Lebo ya Njano Kwenye Gari la Hospitali

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na mtaalamu mstaafu wa fizikia ya tiba mbele ya madereva, watunza stoo na makatibu wa hospitali na miradi yetu. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia ulinzi wa mada za mionzi zinaposafirishwa. Nilipokuwa nasoma ratiba pale ubaoni nilimsikia dereva mmoja nyuma yangu akisema, "Hiyo ya mabomu inatuhusu nini sisi?" Sikugeuka, lakini swali lake nimekuja nalo hadi hapa mbele, na nitalijibu kwa kisa kilichonipata mwenyewe. Si kisa cha kujivunia.

Nikiwa bado kijana kazini, hospitali niliyokuwa nafanya kazi ilikuwa inapokea kwa ndege chombo kinachoitwa jenereta ya teknesiamu. Ni kopo lililozungushiwa risasi, ukubwa wake kama ndoo ndogo ya rangi, lakini zito kuliko unavyotegemea. Ndani yake mna molibdenamu-99, ambayo hubadilika yenyewe kuwa teknesiamu, na hiyo teknesiamu ndiyo tunayomchoma mgonjwa ili mashine ituonyeshe mifupa, figo au tezi yake inavyofanya kazi. Jioni moja ya Ijumaa mzigo uliwasili uwanja wa ndege. Nilisaini karatasi, nikamtuma dereva wetu, mtu mzima kunizidi kwa miaka kumi au zaidi. Karatasi niliikunja nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaifunga kwa gundi. Nilimwambia tu, "Kaka, ni mzigo wa maabara, uje nao salama."

Njiani matairi mawili yalipasuka, na spea alikuwa nayo moja. Usiku ukamkuta kwenye mji mdogo, akapanga chumba gesti. Kwa kuwa alikuwa mwaminifu, na alijua vibaka wa mji ule wanavyofungua magari, hakuuacha mzigo nje. Aliubeba begani hadi chumbani, akausukuma chini ya kitanda, akalala juu yake mpaka asubuhi.

Aliporudi Jumamosi mchana alinieleza yote hayo kwa fahari, kama mtu anayetegemea kupongezwa. Nadhani aliuona uso wangu ukibadilika. Akaitazama ile lebo ya njano ubavuni mwa sanduku, yenye alama nyeusi ya mapanga matatu, akaniuliza, "Mdogo wangu, mbona hukuniambia?"

Usiku ule nilipiga hesabu. Kwenye lebo ya njano huwa kuna namba ndani ya kisanduku. Huitwa kiashiria cha usafirishaji, na hueleza nguvu ya mionzi kwa umbali wa mita moja kutoka kwenye mzigo. Ya siku ile ilikuwa 0.8, yaani sehemu nane za elfu moja za milisiveti kwa kila saa. Ukisogea hadi nusu mita, nguvu huongezeka mara nne. Kwa saa nane za usingizi alikuwa amepata takriban robo ya milisiveti, ambayo ni zaidi kidogo ya kile ambacho mtu hupata kwa mwezi mmoja kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Hakudhurika. Nilimweleza hivyo na hesabu nikamwonyesha. Lakini mkewe alikuwa mjamzito, na kwa wiki kadhaa mtu yule alilala kwenye kochi sebuleni akiogopa kumwambukiza. Mionzi ya mzigo uliofungwa haiambukizi. Ukisimama karibu na taa unamulikwa, lakini ukiondoka hauondoki ukiwaka. Ningemweleza mapema asingelala kochini hata siku moja.

Wengi wakisikia kisa hiki huona kwamba kosa langu lilikuwa la afya. Ni kweli, lakini lilikuwepo kosa jingine kubwa kuliko hilo. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi mchana hakuna mtu mwingine duniani aliyejua mzigo ule uko wapi, mimi niliyesaini nikiwemo. Na yule mmoja aliyejua ulipo hakujua ni nini. Kama angeporwa, angekwenda kituo cha polisi aseme ameibiwa nini? Sanduku la maabara. Askari angeandika hivyo hivyo, na kitabu kingefungwa.

Usalama na ulinzi

Katika lugha yetu neno usalama hubeba mambo mengi, hivyo naomba tutenganishe. Wataalamu wanaposema usalama wa mionzi wana maana ya kumkinga mtu na mzigo: sanduku liwe imara, risasi iwe nene, watu wakae mbali. Wanaposema ulinzi wana maana ya kuukinga mzigo na mtu, usiibiwe, usipotee, usifunguliwe na asiyehusika. Mara nyingi mambo haya mawili huenda pamoja. Mahali pengine huvutana. Usalama unataka kila anayekaribia ajue kilichomo, ndiyo maana pana lebo kwenye sanduku na vibao ubavuni mwa gari. Ulinzi unataka asiyehusika asijue gari litapita lini na kwa njia ipi.

Namna ya kuyapatanisha ni hii. Lebo haiondolewi wala haifunikwi kwa turubai, kwa sababu ikitokea ajali zimamoto na polisi wataitegemea hiyo. Ratiba na njia ndivyo visivyotangazwa. Niliwahi kufika hospitali moja nikakuta tangazo getini la kupokea mashine mpya ya tiba, na siku na saa ya lori kuingia imeandikwa, ili kwaya ijiandae. Nia ilikuwa njema kabisa.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, limevigawa vyanzo vya mionzi katika makundi matano. Kundi la kwanza ni vile ambavyo mtu akikaa navyo karibu bila kinga, kwa dakika chache hadi saa moja, yaelekea atakufa. Kobalti ya kutibia saratani imo humo. Kundi la pili ni vile vinavyoweza kuua kwa saa kadhaa hadi siku kadhaa. Hapo ndipo zilipo kamera za iridiamu ambazo mafundi hutumia kuangalia maungio ya mabomba. Vile vipimo vya kushindilia barabara, ambavyo mmeviona kwenye pikapu za makandarasi, viko kundi la nne. Jenereta yangu ya chini ya kitanda haikukaribia hata kidogo hatari ya kobalti. Nasema hivi ili tusiogope kila lebo ya njano kwa kipimo kimoja. Anayeogopa kila kitu sawasawa, baada ya miezi miwili huwa haogopi chochote.

Lori lililosimama kituo cha mafuta

Sasa nije kwenye tukio ambalo kila dereva hapa atalielewa bila mimi kueleza sana.

Desemba 2013, nchini Meksiko, lori lilikuwa linatoka hospitali ya mji wa Tijuana, mpakani na Marekani, likipeleka chanzo cha kobalti-60 kwenye ghala la taka za mionzi karibu na mji mkuu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 2,500. Chanzo kilikuwa kimemaliza kazi ya kutibu, lakini nguvu yake ilikuwa bado kyuri 3,000 hivi, kundi la kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 2, safari ikiwa karibu kwisha, dereva alisimama kupumzika katika kituo cha mafuta mahali paitwapo Tepojaco. Watu wenye silaha wakamtoa, wakamfunga, wakaondoka na lori.

Ulimwengu ulishtuka, na magazeti yakaandika habari za magaidi. Dalili zote zilionyesha kwamba wezi walitaka lori lenyewe, ambalo lilikuwa zuri na lina winchi ya kunyanyulia mizigo. Hawakujua wamebeba nini. Siku mbili baadaye lori lilipatikana, na chanzo kikaonekana shambani karibu na mji wa Hueypoxtla, kikiwa kimekwisha kutolewa ndani ya kinga yake. Askari walizingira eneo, na kwa kuwa hakuna binadamu aliyeweza kukisogelea, ilibidi roboti itumike kukirudisha kwenye chombo. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Watu sita walipelekwa hospitali ya Pachuca kuchunguzwa.

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza au Mbeya akiwa peke yake usukani, atasimama. Atasimama Chalinze, au Makambako, au Singida, kwa sababu ni binadamu na usingizi ni usingizi. Kwa hiyo mimi simlaumu dereva yule wa Tepojaco. Namwuliza aliyepanga safari. Kwa nini mzigo unaoua ndani ya saa moja ulisafirishwa usiku, bila gari la kusindikiza? Miongozo ya kimataifa ya usafirishaji wa vyanzo vikubwa inataka vituo vya kupumzikia viwe vimepangwa kabla, gari lifuatiliwe kwa mitambo muda wote, kuwe na mawasiliano ya njia zaidi ya moja, na walinzi waweze kuitwa na kufika. Hayo ni maamuzi ya ofisini. Dereva hayamo mikononi mwake.

Wala Meksiko haikuishia hapo. Aprili 2015 kamera ya iridiamu iliibwa garini huko Cárdenas, jimbo la Tabasco. Februari 2016 nyingine ikaondoka na pikapu huko San Juan del Río, jimbo la Querétaro. Kamera hizi zina kilo ishirini na kitu tu, mtu mmoja anabeba. Kwa mwizi wa usiku ni chombo cha chuma chenye mpini, na kinaonekana cha bei.

Marekani, baada ya kuchoshwa na wizi wa vipimo vya barabara kwenye pikapu, tangu mwaka 2005 wanadai kwamba kipimo kisichokuwa chini ya macho ya mwenyewe kiwe nyuma ya vizuizi viwili vinavyojitegemea. Mnyororo na kufuli, kisha mnyororo mwingine na kufuli jingine, au sanduku lenye kufuli ndani ya gari lenye kufuli. Funguo mbili tofauti. Hakuna utaalamu hapo, duka lolote la vifaa vya ujenzi linauza kufuli.

Safari ya kurudi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashirika kama yetu yanapoweza kukosea vibaya, na kwa moyo wa wema.

Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka mitano na robo hivi. Maana yake mgonjwa aliyekuwa analala chini ya mashine dakika mbili, baadaye atalala dakika nne, foleni itakuwa ndefu, na hatimaye chanzo kitabidi kibadilishwe. Kipya kinakuja, cha zamani kinaondoka. Kipya kinakuja kwa shangwe: kuna fedha, kuna mfadhili, kuna mgeni rasmi. Cha zamani hakina mwenyewe. Hakitibu tena, hakiko kwenye bajeti, na aliyekinunua amekwisha hamishwa. Lile lori la Tijuana lilikuwa limebeba chanzo cha namna hiyo.

Kisa kibaya zaidi nakijua cha mji wa Ciudad Juárez, huko huko Meksiko. Mwaka 1977 hospitali moja ya binafsi ilinunua Marekani mashine ya kobalti iliyokwisha kutumika, ikaivusha bila kibali. Haikuwa na mtaalamu wa kuiendesha, mashine ikawekwa stoo. Ilikaa humo miaka sita. Desemba 1983 mfanyakazi mmoja aliifungua, akaipakia kwenye pikapu kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kobalti ya mashine ile ilikuwa imetengenezwa kwa vidonge vidogo vya chuma, kila kimoja milimita moja, jumla kama 6,000. Chombo kikatobolewa. Vidonge vingine vikamwagika kwenye bodi ya pikapu, vingine barabarani, vingine kwenye yadi ya chuma chakavu, ambako vilichanganywa na vyuma vingine na kuyeyushwa kuwa nondo za kujengea na miguu ya meza. Ile pikapu iliharibika ikaachwa mtaani kwa wiki nyingi, na watoto waliichezea.

Hakuna aliyegundua mpaka tarehe 16 Januari 1984, pale lori lililobeba nondo lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos huko Marekani, na kifaa cha kupima mionzi kikalia. Lori lile lingepita njia nyingine, habari hii huenda ingejulikana miaka mingi baadaye au isijulikane kabisa. Nyumba zilizojengwa kwa nondo zile zikaja kubomolewa.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakachukua kichwa cha mashine ya sesiamu-137. Wengi hapa mmesikia habari hii, ya unga uliong'aa rangi ya bluu gizani ambao watu walipakana kama mapambo. Wanne walikufa, mmoja mtoto wa kike wa miaka sita, na kati ya watu kama 112,000 waliopimwa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Kinachonigusa mimi ni usafiri. Kifaa kilitoka kliniki kwa toroli. Na baada ya watu kuanza kuugua, aliyeshtukia kwamba chanzo ni ule unga alikuwa mke wa mwenye yadi ya chuma chakavu. Alitia mabaki kwenye mfuko, akapanda basi la abiria akiwa na kijana mmoja aliyeubeba, akayapeleka ofisi ya afya. Mama huyo ni mmoja wa wanne waliofariki. Alifanya lililo sawa kwa usafiri pekee aliokuwa nao.

Kwa hiyo ombi langu kwa makatibu wa hospitali ni moja, na nitalirudia hata nikiambiwa muda umekwisha. Msipokee mashine ya mionzi, mpya au kuukuu, ya kununua au ya zawadi, kama mkataba hausemi nani atakirudisha chanzo chake, kwa fedha ipi, na kwenda wapi. Jina la mwenye jukumu liandikwe. Rafiki anayetupa mashine na hataki kuzungumzia safari yake ya mwisho, ametupa stoo ya matatizo. Najua ni vigumu kumwambia mfadhili hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kunyamaza katika kikao cha namna hiyo, na chombo kile kilikaa hospitalini miaka mingi kuliko mkuu wa hospitali yeyote.

Boliti moja

Msidhani kwamba nchi tajiri zimemaliza jambo hili. Januari 2023, huko Australia Magharibi, kipimo chenye sesiamu-137 kilitolewa mgodi wa Gudai-Darri wa kampuni ya Rio Tinto, kikasafirishwa kwa lori hadi mji wa Perth, kilomita 1,400 hivi. Gari liliwasili tarehe 16. Sanduku lilifunguliwa tarehe 25. Kipimo kilikutwa kimeachana, boliti moja kati ya nne haipo, na kidonge cha mionzi hakipo. Kilikuwa na kipenyo cha milimita 6 na urefu wa milimita 8, kama punje ya mahindi. Inaaminika mtikisiko wa barabara ulilegeza boliti, kisha kidonge kikapitia tundu lile lile.

Walikitafuta barabara nzima. Tarehe 1 Februari gari lenye vifaa vya kupimia, likienda kilomita 70 kwa saa, lilikinasa kusini mwa mji wa Newman, mita mbili tu kutoka ukingo wa lami. Hakuna aliyeumia. Ilijulikana pia kwamba faini ya juu kabisa katika sheria ya jimo lile wakati huo ilikuwa dola 1,000.

Mimi swali langu liko kwenye zile siku tisa, kutoka tarehe 16 hadi 25. Sanduku lilipokelewa, lakini kilichomo hakikuhakikiwa. Watunza stoo, hapo ndipo penu. Kupokea ni zaidi ya kusaini. Kupokea ni kulinganisha namba ya chanzo kwenye karatasi na namba kwenye chombo, kuangalia lakiri kama imekatwa, na kupitisha kipima mionzi nje ya sanduku. Kama mionzi ni mingi kuliko karatasi inavyosema, mambo yameharibika. Na kama ni kidogo kuliko karatasi inavyosema, hapo napo mambo yameharibika, tena pengine zaidi. Sanduku lisilopimika chochote watu hulifurahia, kumbe ndilo lililo tupu.

Hali kadhalika, mpokeaji awe amejulishwa saa ya mzigo kufika, na kama haujafika yeye ndiye wa kwanza kupiga simu. Asingoje kesho. Kwa upande wa sheria, Tanzania tunayo Sheria ya Nguvu za Atomi Namba 7 ya mwaka 2003, na Tume ya Nguvu za Atomi ndiyo inayotoa vibali. Ndugu zetu wa Uganda wana sheria yao ya 2008 na wa Kenya ya 2019. Mzigo unaovuka mpaka unahitaji karatasi za pande zote mbili, na kukaa siku tatu mpakani kwa kukosa muhuri ni tatizo la ulinzi kama lilivyo la gharama. Kwa ile molibdenamu ni tatizo la mgonjwa pia, maana nusu yake inapotea kila baada ya saa 66. Kuna marubani na mawakala wa meli wanaokataa mizigo hii kwa hofu tu, na anayeumia ni yule aliyekuwa amepangiwa kipimo siku ya Jumatatu.

Kwa madereva sina mengi, kwa sababu mengi si makosa yenu. Sanduku likae nyuma kabisa, mbali na viti, lifungwe lisitikisike. Abiria wasiwepo, hata muuguzi anayeomba lifti ya hapo mbele tu. Gari lisiachwe peke yake. Ikitokea ajali, usiguse kilichotawanyika, watu wasogee mbali, upande ambao upepo unatoka, na simu ipigwe kwa namba iliyo kwenye karatasi. Masanduku ya vyanzo vikubwa hujaribiwa kwa kuangushwa kutoka mita 9 kwenye sakafu isiyobonyea na kuchomwa moto wa nyuzi 800 kwa nusu saa, kwa hiyo gari likipinduka sanduku lenyewe lina nafasi nzuri ya kubaki zima. Hatari huanza linapofunguliwa. Huko Mohammedia, Morocco, mwaka 1984, kipande cha iridiamu kilianguka eneo la ujenzi, mpita njia akakiokota akaenda nacho nyumbani. Watu wanane walikufa, na kilikuwa kitu cha kutosha mfukoni.

Maswali

Baada ya maelezo yaliulizwa maswali mengi, tunachapa mawili.

Swali: Na ile urani ya Namtumbo, ikianza kupita barabarani itakuwa hatari kama hii?

Jibu: Hapana, si kwa namna ile. Kinachotoka mgodini ni unga, unapakiwa kwenye mapipa ya chuma, mapipa yanaingia kwenye kontena. Mionzi yake ni hafifu. Dereva akiwa mbele ya kontena hapati kitu cha kumtisha. Ubaya wake ni vumbi likivutwa au kumezwa, kwa sababu urani ni sumu kwa figo. Majirani zetu wa Malawi walisafirisha unga huo kutoka Kayelekera, pale Karonga, kupitia Zambia hadi bandari ya Walvis Bay, kati ya 2009 na 2014. Ulinzi wake ni wa kuhesabu: mapipa mangapi yametoka, mangapi yamefika, lakiri namba ngapi. Ni mali inayofuatiliwa kimataifa, pipa moja likipungua ni habari. Wanakijiji wa kando ya barabara waelezwe hayo mapema kwa lugha wanayoielewa, kuliko kuwaachia uvumi.

Swali: Nikiambiwa nipakie sanduku lenye lebo ya njano na bosi hanipi karatasi, naweza kukataa? Na nikifukuzwa?

Jibu: Unaweza, na unapaswa. Karatasi ya mzigo ni ya kwako wewe dereva kabla haijawa ya mtu mwingine. Inatakiwa iwe mkononi mwako, haitakiwi kuwa kwenye bahasha iliyogundishwa. Kuhusu kufukuzwa, hapa mbele wamekaa makatibu wa hospitali na wamekusikia. Nimemwomba Mwenyekiti swali hili liandikwe kwenye kumbukumbu za semina kama lilivyoulizwa, pamoja na majibu yao, na amekubali.

Yule dereva wangu aliendelea na kazi hadi alipostaafu. Kila mara nilipomkabidhi sanduku alikuwa anasimama pale mlangoni, mikono nyuma, ananiambia, "Haya mdogo wangu, nisomee namba." Namsomea kiashiria, namsomea jina la kilichomo, namwandikia simu ya nyumbani kwangu nyuma ya karatasi. Kisha ndipo anafungua mlango wa gari.